Sindano, Penseli na Keki ya Fondanti

Mama zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kufika na jua hili. Nianze na penseli, maana nimeiona kwenye meza nyingi za keki hapa Mombasa. Bibi harusi ataka keki yenye nakshi kama za hina mkononi mwake. Mpambaji aogopa kukosea, basi achora kwanza kwa kalamu ya risasi, kisha afunika mistari kwa aisingi, ule urojo wa sukari wa kupambia.

Hilo jina la risasi latutisha bure. Ndani ya penseli mna grafiti, ule weusi unaoandika, na udongo; hamna risasi, yaani ile metali yenye sumu. Lakini grafiti si chakula, na ufundi wa aisingi hauigeuzi kuwa chakula. Pakiti ikisema "haina sumu", maana yake ni kwamba mtoto akiilamba kwa bahati mbaya haitarajiwi kumdhuru. Haimaanishi tumpakulie mgeni. Tafuteni neno "inaliwa", pamoja na orodha ya viungo.

Risasi yenyewe ilipatikana pengine. Mwaka 2019, katika jimbo la Missouri huko Marekani, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na risasi kwenye damu. Poda iliyopamba keki yake ya kuzaliwa ilipopimwa, robo yake ilikuwa risasi. Poda ya rangi ya maua tu, jamani! Naomba sana, poda isiyo na orodha ya viungo isiingie jikoni mwenu.

Basi tuchoreje? Mimi nategemea sindano. Chora nakshi kwenye karatasi ya kuokea, geuza upande wenye wino uwe juu, ilaze kwenye fondanti, lile ganda la sukari linalofunika keki, ingali laini, halafu toboa mstari kwa vitundu vidogo vidogo. Ukiondoa karatasi, vitundu vinakuongoza, na aisingi inavifunika vyote. Kijiti cha meno chafaa pia, ila ncha yake huvunjika.

Kalamu za wino wa kuliwa ni nzuri, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu. Keki ikitoka friji inatoa jasho, na wino unatambaa. Subirini fondanti ikauke juu kabisa. Wengine huyeyushia rangi kwenye pombe kali kwa kuwa hukauka upesi kuliko maji. Hilo msimfanyie mteja bila kumwambia, wengi wetu hapa hatuitumii.

Pini za kushikia karatasi nazihesabu kabla na baada. Leo nimeleta sita. Sogeeni mezani tuanze kutoboa.