Jinsi ya kupima mwonekano kwenye uwanja wa ndege

Hamjambo ndugu zangu. Leo tuko Soroti, Uganda, kupima mwonekano, yaani umbali ambao jicho linafika; ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na uwanja wa ndege ule pale umefunikwa weupe. Ni kiangazi: jana watu wamechoma nyasi, moshi umelala chini, unyevu wa alfajiri umeongezea. Hapa Soroti vijana husomea urubani. Aliye angani peke yake anaitegemea namba utakayoandika, kwa hiyo tufanye kwa uangalifu.

Kazi huanza siku ya anga safi. Simama mahali unapoona pande zote, uchague alama. Taka vitu vyeusi au vya rangi nzito vyenye anga nyuma yake, kama Mwamba wa Soroti. Kuta nyeupe achana nazo. Jua likizipiga kwenye moshi, zinapotea. Pima umbali wa kila alama kwa jipiesi, andika kwenye ramani yako.

Sasa tazameni kadi hii. Nimeitoboa tundu la milimita 7.5. Nyosha mkono wote, fumba jicho moja, chungulia. Alama ikilijaza tundu, inafaa. Ukiona mwanga pembeni yake, ni ndogo mno kwa umbali huo, tafuta nyingine.

Haya, tuzunguke. Kila upande tafuta alama ya mbali kabisa unayoitambua. Kuona kivuli tu hakutoshi, lazima ujue ni mti gani, ni tenki gani. Tuseme kaskazini umepata mita 4000, mashariki 3000, magharibi 2000, kusini kwenye moshi 1200. Wengi hapa hujumlisha na kugawa kwa nne. Hapana! Tunatafuta umbali unaofikiwa au kupitwa katika angalau nusu ya duara. Kaskazini na mashariki ni nusu, basi jibu ni 3000. Na ule upande mbaya usiufiche: ukiwa chini ya 1500 unautaja pamoja na mwelekeo wake. Kwenye METAR, ile ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, itasomeka 3000 1200S, S ikiwa kusini.

Kukadiria: chini ya mita 800 tunakwenda kwa hatua za 50, hadi kilomita 5 kwa hatua za 100, kisha kilomita moja moja. Kilomita 10 na zaidi huandikwa 9999. Siku zote shusha. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona 1270 nikaandika 1300. Mkubwa wangu aliifuta mbele yangu, akaandika 1200. Alikuwa sahihi, zile mita 30 rubani hakuwa nazo.

Usiku, alama zako ni taa zenye umbali unaojulikana. Zima simu, kaa gizani hadi dakika 15 macho yazoee.

Mwonekano ukishuka chini ya 1500, rubani anahitaji pia kujua ataona umbali gani akiwa kwenye njia yenyewe ya kurukia. Viwanja vikubwa vina mitambo kando ya njia, kama mita 2.5 kutoka chini. Pasipo na mitambo, mwangalizi huhesabu taa za pembeni anazoziona. Uliza mapema za uwanja wako zimeachana mita ngapi.

Na moshi ukivamia ghafla katikati ya saa, usingoje ripoti ijayo. Pigia mnara wa kuongozea ndege simu kwanza, utaandika baadaye.