Gemu Inayokataa Hasira

ELIBARIKI: Haya, tupo hewani. Ukisikia kelele nyuma yetu, ni jirani anachomelea mageti. Tumemwomba apumzike nusu saa, akasema mteja wake naye anasubiri. Mimi ni Elibariki, hapa Kiborloni, Moshi, na dada yangu Aika.

AIKA: Wote mlionitumia shikamoo, marahaba.

ELIBARIKI: Dada Aika amekuja na jambo nikadhani ananitania. Eti kuna hospitali wagonjwa walichezeshwa gemu kama sehemu ya tiba ya matatizo ya ulaji. Mimi niliyekaa miaka minne na kibanda cha gemu pale karibu na stendi, mama akinisema naharibu watoto wa watu!

AIKA: Na wengine uliwaharibu kweli, Eliba.

ELIBARIKI: Wawili tu. Tuanze na ugonjwa wenyewe.

AIKA: Unaitwa bulimia. Mtu anashikwa na pupa ya kula, anakula kwa siri, harakaharaka, chakula kingi kupita kawaida, na katikati ya kula anaona kabisa kwamba hawezi kujizuia. Akimaliza, aibu inamjaa na hofu ya kunenepa, anatafuta njia ya kukitoa. Kesho tena. Daktari Gerald Russell, kule London, ndiye aliyeueleza kwa jina hilo mwaka 1979. Ni juzi tu.

ELIBARIKI: Huku kwetu sijawahi kumsikia mtu akiutaja.

AIKA: Huku ukimkuta binti anatapika, unawaza nini?

ELIBARIKI: Mimba. Kama siyo mimba, vidonda vya tumbo.

AIKA: Ndiyo hivyo. Nilisoma bweni, sitaitaja shule. Kulikuwa na mwenzetu, kila baada ya chakula cha usiku anatangulia chooni. Matroni akampima mimba. Hakuna. Akampima tena mwezi uliofuata. Mara ya tatu msichana akafungasha sanduku, akaondoka, na sisi tukabaki tunasema alikuwa na mimba ikatolewa. Nilipokuja kusomea uuguzi, nikafika kwenye ukurasa wa bulimia, nikafunga kitabu.

ELIBARIKI: Alikuwa amekonda?

AIKA: Hapana! Hilo ndilo linalowadanganya watu. Wengi wenye bulimia mwili wao ni wa kawaida tu. Kwa hiyo nyumbani anapakuliwa mtori, anakula, anasifiwa. Yanayoharibika yako ndani: asidi ya tumbo inakula meno, na potasiamu ikishuka kwenye damu, moyo unaweza kupiga ovyo mpaka ukasimama.

ELIBARIKI: Potasiamu si ipo kwenye ndizi? Mchaga na potasiamu wapi na wapi kukosana!

AIKA: Cheka, lakini ndizi isiyokaa tumboni haikusaidii. Haya, gemu. Kulikuwa na mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, unaitwa PlayMancer. Upande wa wagonjwa ulifanyiwa kazi katika Hospitali ya Bellvitge, nje kidogo ya Barcelona, Hispania, na wanasaikolojia Fernando Fernández-Aranda na Susana Jiménez-Murcia walikuwamo. Walilenga makundi mawili: wenye bulimia, na wenye ulevi wa kamari.

ELIBARIKI: Subiri. Kamari? Yaani vijana wetu wa mikeka nao wamo?

AIKA: Wamo. Na ukifikiria, ni tatizo linalofanana: moyo unachafuka, mkono unatangulia kabla akili haijafika. Mmoja mkono unakwenda kwenye sufuria, mwingine kwenye simu kuweka mkeka.

ELIBARIKI: Hapo umenigusa, tupite haraka. Kwenye hiyo gemu unapika? Unakata mboga?

AIKA: Hakuna hata sahani. Nilipoelewa hilo ndipo niliipenda. Chakula ni mahali ugonjwa unapojitokeza, lakini wao wanafundisha kinachotangulia: kutambua hisia inapopanda, na kuituliza kabla haijakutuma. Unakaa, unafungwa vihisio vinavyosoma mapigo ya moyo, pumzi, na jasho la ngozi. Kuna na kamera inayoangalia uso. Kwenye skrini uko kisiwani. Mara unapanda genge la mawe, mara unapiga mbizi baharini kutafuta hazina.

ELIBARIKI: Mpaka hapo ni gemu ya kawaida.

AIKA: Sasa kasirika. Mashine inaona mwili wako umepanda, na gemu inakuwa ngumu zaidi. Tulia, inalegea.

ELIBARIKI: Mama yangu! Hiyo ni kinyume na kila gemu niliyowahi kufungulia watu. Kibandani mtu akifungwa goli anaminya padi kama anakamua chungwa. Padi zangu zote zilikufa kwa hasira. Na ubaya wake, wakati mwingine hasira inamfanya ashinde.

AIKA: Ndiyo maana wakatengeneza ya kwao. Kuna sehemu nyingine ya kutulia tu: usiku, anga, nyota. Mwili ukitulia ndipo nyota zinajitokeza uziunganishe. Hakuna ujanja wa vidole hapo. Unaweza kumdanganya mshauri ukamwambia "niko sawa", lakini kihisio kiko kwenye ngozi.

ELIBARIKI: Hii "niko sawa" ndiyo wimbo wetu wa taifa.

AIKA: Mtu akiulizwa habari anajibu nzuri, hata kama anatoka kuzika. Sasa hebu fikiria binti amelelewa hivyo, unamkalisha mbele ya mtaalamu, unamwambia aeleze anahisi nini. Hana maneno. Pale anaona kwenye skrini: ahaa, hapa nilipanda. Wanaanzia hapo kuongea.

ELIBARIKI: Na inaponya?

AIKA: Yenyewe peke yake, hapana, na hata wao hawakusema hivyo. Ni nyongeza juu ya tiba ya mazungumzo, ile ya kubadili fikra na tabia. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya wagonjwa 38 wa bulimia: 20 walipata tiba na gemu, 18 tiba bila gemu. Wenye gemu walifanya vizuri zaidi, na walioacha tiba njiani kwao walikuwa wachache zaidi. Ila watu 38 ni wachache, kama wa daladala mbili tu. Mimi siwezi kusimama sokoni Mbuyuni nikatangaza dawa kwa ushahidi wa daladala mbili.

ELIBARIKI: Kuna msikilizaji hapa anauliza, basi mwanaye akishinda kibandani atapona?

AIKA: Hapana, mzazi mwenzangu. Kibandani hakuna anayemwangalia mwili, na hakuna wa kuongea naye baadaye. Kama mtoto anatapika baada ya kula, au anajifungia kula, usianze na kipimo cha mimba, na usimtanie mwili wake. Mpeleke hospitali ya rufaa, uliza kitengo cha afya ya akili.

ELIBARIKI: Dada, mimi bado sijaamini hili la mwili kusema. Nina gemu ya penalti hapa kwenye simu. Nishike mkono uhesabu.

AIKA: Lete. Usiongee kwanza... Sabini na nane. Haya, piga.

ELIBARIKI: Goli. Goli. Ameokoa. Huyu kipa wa... goli! Ngapi?

AIKA: Mia na kumi na mbili.

ELIBARIKI: Na niko sawa kabisa.