Usingizi wa Mtoto Haufuati Saa ya Ukutani

Mbukwenyi, mama zangu. Nashukuru mmekuja na watoto wenyewe, maana somo la leo limelala mapajani mwenu.

Kliniki swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nesi, wangu mchana halali, nimpangie saa ngapi?" Nikitazama kadi, mtoto ana wiki sita. Mama ameshapanga kabisa: saa nne, saa saba, saa kumi. Mtoto wa wiki sita mwili wake bado hautofautishi vizuri mchana na usiku. Hilo hujijenga taratibu kuanzia miezi miwili, mitatu, na kinachomsaidia ni mwanga. Asubuhi fungua pazia, toka naye barazani kivulini, ongea naye. Usiku taa iwe hafifu, nyonyesha kimya, mrudishe alale.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: hadi miezi 3, saa 14 hadi 17 za usingizi, miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16. Hizo ni za usiku na mchana kwa pamoja, msije mkazidai zote mchana.

Badala ya saa, mtazame usoni. Mchanga akikaa macho saa moja, au moja na nusu, amechoka. Wa miezi mitano hufika kama saa mbili. Atageuza uso ukimsemesha, atakodoa macho bila kuangalia kitu, atapiga miayo. Hapo ndipo pa kumlaza. Ukingoja alie umechelewa, kwa sababu mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala kwa taabu na kushtuka upesi. Mpe hatua zilezile kila mara: anyonye, acheue, nepi, pazia, wimbo uleule mmoja. Akiamka baada ya nusu saa, usijilaumu. Usingizi wa kichanga ni mwepesi, unapanda na kushuka, na wengi huamkia pale unapopanda. Lakini mtoto anayelala mfululizo, ukimwamsha anyonye haamki au hana nguvu ya kunyonya, huyo mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Sasa joto, na hapa naomba mnisikilize sana. Oktoba na Novemba, kabla mvua haijafika Dodoma, chumba cha bati kisicho na dari saa nane mchana kinawaka. Na humo nakuta mtoto amevikwa sweta, kofia, soksi, na blanketi juu, eti upepo utamwingia kifuani. Bibi zetu walituvika hivyo kwa mapenzi, nawaheshimu. Ila joto la kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya mtoto kufariki ghafla akiwa usingizini. Ingiza mkono nyuma ya shingo yake. Kuna jasho, mpunguzie nguo. Mlaze chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto, chandarua kimechomekwa vizuri. Kumfunika uso kwa kitenge ili kukinga inzi, hapana kabisa. Mgongoni kwenye mbeleko anaweza kusinzia, lakini uso uwe wazi, kidevu kisibane kifua, na ukienda kwenye moshi wa jikoni umshushe kwanza.

Wengine hapa mnafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Likizo yenu ya uzazi ni siku 84, yaani wiki 12, na ndiyo kwanza usingizi wa mtoto unaanza kushika mpangilio. Sheria inakupa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ziombe bila kuona haya. Saa zilizobaki mtoto yuko na bibi au dada wa kazi, na mara nyingi nakuta hakuna aliyemwonyesha huyo dada chochote. Mtoto akilia, dada anaambiwa hajui kulea. Inaniuma sana, kwa sababu wengi wao ni wasichana wadogo tu.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kurudi kazini, mfundishe alama za uchovu, mfundishe hatua na wimbo. Halafu mwachie amlaze yeye. Wewe kaa barazani. Mtoto akinung'unika kidogo, usikimbilie mlangoni, mpe dada nafasi amalize wimbo.