Stafeli na Saratani: Kilichoonekana Maabara na Kinachompata Mgonjwa

Mabibi na mabwana, mmekuja kusikia kama stafeli linatibu saratani, nami sitawazungusha. Maabara, ndiyo, linaua seli za saratani. Majani, mbegu na nyama ya tunda vina kemikali ziitwazo asetojenini, na inayojulikana zaidi ni anonasini. Kazi yake ni kuzima mitokondria, yaani sehemu ya seli inayotengeneza nishati. Seli ya saratani hugawanyika bila kupumzika, kwa hiyo ikikosa nishati hufa.

Ule ujumbe unaozunguka WhatsApp, kwamba stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko kemo, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani, una mzizi wa kweli. Mwaka 1996 watafiti walilinganisha asetojenini moja na dawa ya kemo iitwayo adriamaisini juu ya seli za saratani ya utumbo mpana. Lakini zilikuwa seli tupu kwenye kisahani. Hazikuwa na ini, wala figo, wala ubongo.

Ubongo ndio unaonitia hofu, maana seli za neva nazo hula nishati nyingi mno. Kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi, watu hula stafeli na kunywa chai ya majani yake. Mwaka 1999 madaktari waliripoti huko wagonjwa wengi wenye hali inayofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa mwili, ila isiyosikia dawa zake za kawaida. Baadaye panya waliopewa anonasini mfululizo kwa siku 28 walipoteza seli za ubongo. Kwa binadamu jambo hili bado halijathibitishwa, na kula stafeli msimu wake hakunisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni majani yanayochemshwa na kunywewa kutwa mara tatu, mwezi baada ya mwezi, na mtu aliyekwishadhoofika.

Wala sidharau mimea, jamani. Vinkristini, mojawapo ya dawa zinazowaponya watoto wetu uvimbe wa saratani wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, imetokana na ua la Madagaska, lile la rangi ya waridi tunalolipanda uani. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ilianzia kwenye gome la mti lililokusanywa Marekani mwaka 1962, ikaidhinishwa 1992. Miaka 30! Ilitumika kuitenga kemikali yenyewe, kutafuta kipimo, kujua inadhuru wapi. Stafeli halijapita huko.

Hapa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Ikigunduliwa mapema inatibika, lakini wengi hufika hospitali imeshasambaa. Miezi ya kusubiri majani yafanye kazi inaliwa na ugonjwa.

Kama nyumbani kuna mgonjwa anayekunywa majani ya stafeli, nawasihi msimgombeze. Akigombezwa atakunywa kwa siri, na daktari atampangia dawa bila kujua. Mwambieni aende nayo kliniki majani hayo hayo, ayaweke mezani, aseme anachemsha kiasi gani na anakunywa mara ngapi.