Toba ya Athman na Punda wa Watamu

SALMA: Ishaanza hiyo, taa nyekundu imewaka. Assalamu alaikum wasikilizaji, leo mkisikia kitu kinavuma nyuma ni feni, tukiizima tunapikika, na huyu shemeji yangu hapa keshaanza kutoka jasho kabla hata sijamuuliza kitu.

ATHMAN: Waalaikum salaam. Ni joto tu.

SALMA: Ni aibu.

ATHMAN: Tuna mada leo jamani. Mtu anakokota trela, je anunue pikapu mpya ya dizeli ama abaki na alilonalo. Nimekaa usiku nimeandika mambo matano ya kuangalia, karatasi hii hapa.

SALMA: Iweke karatasi. Tuanze na Jumamosi.

ATHMAN: Salma...

SALMA: Ile video nimetumiwa na watu saba, mmoja yuko Muscat! Kaka yako aliiangalia mpaka akakabwa na chai.

ATHMAN: Haya. Jumamosi nikaitwa Watamu kutoa boti. Mnajua upepo wa kusi ukishika, bahari inachafuka, kila mwenye boti ya kuvulia wageni anataka ipande juu, ipigwe rangi, injini zifunguliwe, ikae huko mpaka bahari itulie. Boti ya fiba, futi 22, injini mbili nyuma, na ukiweka na trela lenyewe si chini ya tani moja na nusu ile. Tukapanga siku ya bamvua, yale maji makubwa, ili yakijaa boti iletwe juu kabisa, pale mchanga mgumu, mimi nirudi nyuma kidogo tu niipakie niondoke. Sasa mimi nikachelewa.

SALMA: Sema kwa nini.

ATHMAN: Nilisimama Gede kula.

SALMA: Mahamri.

ATHMAN: Mahamri na mbaazi, ndio. Na maji ya bamvua yakianza kupwa hayakungoji mbaazi zako, yanashuka zaidi ya mita 3, nafika naikuta boti iko kule chini na kati yangu mimi na boti ni mchanga umelowa kama uji. Nikasema bismillahi nikashuka. Kupakia tukapakia vizuri. Kupanda sasa. Natia gia, nakanyaga, gari linanguruma kama linakwenda Nairobi na haliendi popote, tairi zinachimba, klachi ikaanza kunuka kama mtu anachoma kandambili. Na maji kwa chini yale, niko nayo masaa machache tu kabla hayajarudi.

SALMA: Endelea.

ATHMAN: Watu wakaja wakasukuma, gari likatoka, mwisho.

SALMA: Athman.

ATHMAN: Kulikuwa na kijana mmoja wa mkokoteni, anauza maji...

SALMA: Mkokoteni unavutwa na nini?

ATHMAN: Na punda, Salma! Wakamfungua punda, wakafunga kamba mbele ya gari langu. Lakini kulikuwa na watu kumi na wawili nyuma wanasukuma na hao ndio walioitoa, punda alikuwa pale kama... kama kutia moyo.

SALMA: Mimi nimeiangalia mara nne. Watu wanne wanasukuma, wanane wanashika simu. Mwenye shingo iliyotoka mishipa ni punda.

ATHMAN: Hapo ndipo nikasema basi. Toba yenyewe ilipinda.

SALMA: Toba gani tena? Yako wewe?

ATHMAN: Toba, kile chuma cha nyuma chenye kichwa cha mviringo unachofungia trela. Mafundi wote Malindi wanaita toba.

SALMA: Kwa hiyo umeleta toba ikapinda. Mungu hajaipokea.

ATHMAN: Nicheke? Haya nimecheka. Sasa nieleze kitu cha maana maana wako watu wanakokota vitu huko bila kujua. Kabla ya mchangani, njiani nilipokuwa nalileta trela tupu lilikuwa sawa, lakini baada ya kupakia, kwenye lami kutoka Gede kuja huku, nikifika kasi ya 60 trela linaanza kutikisa mkia. Kushoto kulia kushoto kulia, na mimi mbele nachezeshwa nalo. Sababu boti tuliipakia kwa haraka, ikakaa nyuma sana, zile injini mbili zikaning'inia, uzito wote nyuma ya ekseli. Kawaida unataka kama asilimia 10 ya uzito wa trela ulale pale kwenye toba. Ukiwa mdogo zaidi, trela linayumba. Ukizidi sana, gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi mbele.

SALMA: Hiyo marehemu babu yangu aliijua na hajawahi kushika usukani maisha yake.

ATHMAN: Ndio huyo tunakwenda Lamu sasa.

SALMA: Si tunakwenda! Babu alikuwa na punda wawili, anabeba mchanga na mawe ya kujengea kutoka ufukweni kupandisha ndani mtaa wa Mkomani, na wale vijana wake akiwafunza kupakia shogi, yale makapu ya mgongoni mwa punda, hilo ndilo la kwanza. Shogi likielemea nyuma punda anataka kuinuka miguu ya mbele, likielemea mbele anapiga magoti kwenye ngazi, likizidi upande mmoja linapinduka lote na mchanga wako unafagia wewe. Alikuwa anatia mkono chini ya tumbo la punda, hapa, anasikiliza kamba, kisha anasema toa karai moja upande huu. Karai moja! Nyinyi mna tani na nusu na hamkutia mkono popote.

ATHMAN: Hilo nakupa. Hilo ni kweli kabisa.

SALMA: Na sisi Waamu ndio maana hatuna shida zenu. Mji mzima vichochoro, magari ya kuhesabu, punda wana hospitali yao tangu miaka ya 80, na Maulidi ikifika wanashindana mbio watu wanajaa mpaka kwenye kuta. Wewe pikapu yako ishawahi kushangiliwa?

ATHMAN: Jumamosi walishangilia.

SALMA: Walimshangilia nani?

ATHMAN: ...Punda.

SALMA: Asante.

ATHMAN: Sasa turudi kwenye dizeli. Kilichonikwamisha sio nguvu kwa jumla, ni nguvu ya chini. Injini yangu ni petroli ya lita 2, torki yake, ile nguvu ya kuzungusha, haifiki hata niutoni-mita 190, na hiyo kidogo unaipata injini ikizunguka mara elfu nne kwa dakika. Mchangani ukizungusha elfu nne unachimba kisima. Hizi dizeli mpya za turbo, chukua Hilux ya lita 2.8 ama D-Max ya lita 3, torki ni 450 mpaka 500, na inakuja mapema, elfu moja na mia sita tu. Yaani gari linavuta likiwa limetulia. Na limeandikwa linaweza trela la kilo 3500, mradi trela lina breki zake lenyewe. Halina breki, mwisho ni kilo 750, na hapo matrela mengi ya boti hapa Malindi yameshapita kipimo.

SALMA: Linavuta likiwa limetulia, mapema, bila kelele.

ATHMAN: Ndio.

SALMA: Unanielezea punda.

ATHMAN: Ya Rabi.

SALMA: Punda ana torki tangu amesimama! Hata elfu moja na mia sita hahitaji. Na haombi dizeli inayobadilishwa bei kila tarehe 14.

ATHMAN: Anakula lakini.

SALMA: Anakula maganda ya maembe. Haya niambie na ile kitu uliyokuwa unamlilia kaka yako juzi, ile inayoziba.

ATHMAN: DPF. Ni chujio kwenye ekzosi, linakamata masizi ya dizeli, halafu linatakiwa lijichome lenyewe, na ili lijichome ekzosi lazima ipate moto wa kutosha, yaani uende safari ndefu kidogo kwa kasi. Sasa mtu wa hapa safari yake ni Shela kwenda sokoni, sokoni kwenda Maweni, gari halijapata moto ushazima. Likiziba taa inawaka, gari linapungua nguvu, na kulibadilisha ni pesa ya mahari. Kwa hiyo kama unanunua la mtumba kutoka Uingereza uliza hiyo kwanza. Nami hiyo ndiyo sababu moja nataka jipya, maana la mtumba la chini ya miaka 8 lishatembezwa na mtu mjini huko na chujio lake hujui lina hali gani.

SALMA: Punda naye ana lake. Ila halizibi.

ATHMAN: Salma tafadhali, watu wanakula saa hizi.

SALMA: Haya nimenyamaza. Sasa nikuulize swali la kweli, bila mzaha. Kwa mwaka unakokota siku ngapi?

ATHMAN: Inategemea.

SALMA: Hapana, hesabu. Kusi ikianza mnazitoa, kaskazi ikikaribia mnazirudisha. Katikati hapo labda mtu anataka boti yake ipelekwe Kilifi. Siku ngapi?

ATHMAN: Thelathini. Arobaini ukijumlisha na lile trela la matangi ya maji.

SALMA: Siku arobaini. Siku mia tatu na ishirini na tano gari la mamilioni linapeleka watoto madrasa. Si ukodi trekta? Trekta zipo, mchangani hazikwami, mwenye nayo anachomwa na chumvi yeye sio wewe. Maana usisahau unaiingiza kwenye maji ya bahari kila safari.

ATHMAN: Gari haliingii, trela ndio linaingia. Na hata hilo watu hukosea, wanafika beringi za magurudumu zina moto wanaliingiza majini hapo hapo, beringi inapoa ghafla inavuta maji ya chumvi ndani, miezi miwili inalia. Ungoje ipoe kwanza, na ukitoka mwagia maji ya bomba yasiyo na chumvi. Lakini trekta Salma, trekta ni moja wanaoitaka kumi! Siku ya bamvua kila mtu anaitaka saa ile ile. Wewe unahesabu siku arobaini, mimi nahesabu ile siku moja boti ya mtu iko mchangani, maji yanarudi, na mimi nasubiri punda.

SALMA: Na punda alikuja.

ATHMAN: Kwa bahati!

SALMA: Hizo pesa unazo?

ATHMAN: Sizo zote. Kuna benki ya kiislamu, murabaha. Wao wananunua gari, wananiuzia kwa bei iliyoongezwa, nalipa kidogo kidogo miaka minne. Hakuna riba.

SALMA: Kuna nini basi?

ATHMAN: Faida. Ni biashara. Kama vile wewe unanunua leso Mombasa ukauza hapa.

SALMA: Mimi leso nikinunua nazileta dukani kwangu, zikilowa njiani ni hasara yangu. Hawa gari wameliona lini? Ulilichagua wewe, limesimama shoruma kwa mwenyewe, wao wametia saini karatasi mbili asubuhi, mchana umeuziwa. Na ile nyongeza ukiipigia hesabu inakaribia kabisa na ya benki ile nyingine. Mimi naona ni riba imevaa kanzu.

ATHMAN: Astaghfirullah. Kuna masheikh wamekaa kwenye bodi wamelipitisha, wewe umesomea wapi?

SALMA: Sijasomea, nauliza. Gari likiungua katikati ya hizo saa mbili, la nani?

ATHMAN: La kwao! Hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Wakishalinunua ni lao mpaka waniuzie. Na bei ikishawekwa haipandi, hata nikichelewa.

SALMA: Ukichelewa hawakutozi kitu?

ATHMAN: Wanatoza, lakini ile inakwenda sadaka, hawali wao.

SALMA: Inatoka mfukoni mwako lakini.

ATHMAN: Sasa unataka nini, nikae nichange mpaka nizeeke? Watu wa hapa hatununui, tunasema haramu, haramu, kisha wageni wanakuja na magari yao wanachukua kazi zote za ufuoni. Mimi siwezi kukubaliana na wewe kwa hilo.

SALMA: Nami siwezi kukubali mtu afunge miaka minne ya maisha kwa sababu alichekwa Jumamosi moja.

ATHMAN: Sio kwa sababu ya kuchekwa.

SALMA: Ungefika saa yako bila mbaazi ungekuwa unatafuta gari leo?

ATHMAN: ...Klachi ilikuwa imechoka tangu zamani.

SALMA: Sikuuliza klachi.

ATHMAN: Nimeshakujibu.

SALMA: Hujanijibu.

ATHMAN: Haya.

SALMA: Haya.

ATHMAN: Feni hii kweli ina kelele.

SALMA: Mm. Karatasi ya bei ulipewa?

ATHMAN: Nilipewa. Sisemi namba, mamangu husikiliza kipindi.

SALMA: Mama shikamoo! Basi zile zako tano zisome, mbio, saa imekwenda.

ATHMAN: La kwanza, pima uzito wa trela likiwa na mzigo wake wote, maji, mafuta, nanga, kamba, sio ule ulioandikwa kwenye kibati. La pili, trela nalo ni gari mbele ya sheria, lina namba yake ya kuanzia na Z, kwa hiyo taa za nyuma na bima... hiyo ni adhana?

SALMA: Magharibi hiyo.

ATHMAN: Nina la tatu la tairi, hilo muhimu sana, la upepo mchangani...

SALMA: Wiki ijayo.

ATHMAN: Wiki iliyopita pia ulisema wiki ijayo kuhusu friza.

SALMA: Nyanyuka ukatie udhu. Na yule kijana wa punda ulimlipa?

ATHMAN: Nilimpa mia tano.

SALMA: Yeye au punda?

ATHMAN: Zima, Salma, zima hiyo kitu.