"Rudi Baada ya Wiki Sita": Kusubiri Majibu ya Uvimbe wa Ovari

ASHA: Karibuni tena. Tupo Kigoma mjini, upepo wa ziwa umeamka leo, kwa hiyo mkisikia mabati yanagonga msishtuke. Mimi ni Asha, na nipo na dada Leokadia. Mada ya leo ni yule mtu aliyetoka chumba cha ultrasaundi na karatasi mkononi, imeandikwa ana uvimbe kwenye ovari ya kulia, na daktari kamwambia kwa ufupi tu: rudi baada ya wiki sita.

LEOKADIA: Na hilo "rudi" ndilo linalouma kuliko uvimbe wenyewe. Mtu anaona kama kafukuzwa. Anajiuliza, kama ni kitu kibaya mbona hawanishughulikii, na kama si kibaya kwa nini nirudi?

ASHA: Jibu lake?

LEOKADIA: Zile wiki sita ni kipimo, mdogo wangu. Si foleni. Kila mwezi ovari inakuza kifuko kidogo chenye maji, yai liko ndani. Kinafika sentimita 2 na ushee, kinapasuka, yai linatoka. Mwezi mwingine kinagoma kupasuka, kinaendelea kujaa maji. Au kinapasuka vizuri, halafu tundu linajifunga na ndani panajaa maji au damu. Yote hayo yakionekana kwenye picha yanaandikwa uvimbe, ila ni kazi ya kila mwezi iliyopitiliza. Vingi vya namna hiyo vinanywea vyenyewe ndani ya hedhi mbili au tatu. Sasa ile mashine mara nyingi haiwezi kukuambia leo kipi kitanywea. Muda ndio unaojua. Ukipiga picha tena baada ya wiki 6 mpaka 12, cha kunywea kimeshanywea, na kilichobaki kimejitaja.

ASHA: Twende kwenye karatasi yenyewe, maana imeandikwa Kiingereza na mtu anaisoma usiku kwa tochi ya simu.

LEOKADIA: Kabla ya kitu kingine tazama kipimo ni sentimita au milimita. Wengine wanaandika 4.2, wengine 42, na ni uvimbe uleule. Watu wanaona 42 wanapiga yowe. Sentimita 3 ni kama chikichi moja iliyoiva. Sentimita 4 au 5 ni ndimu. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe wa maji matupu ulio chini ya sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji kuguswa. Kati ya 5 na 7 unafuatiliwa kwa picha. Ukizidi 7, daktari atataka uchunguzi zaidi au ataanza kuongelea upasuaji.

ASHA: Na akipimwa hospitali moja akaambiwa 4.2, nyingine 4.5?

LEOKADIA: Asianze kuhesabu umekua. Milimita mbili tatu ni tofauti ya mkono wa mpimaji na pembe aliyoshikia kifaa. Ndiyo maana inafaa kurudi kwenye mashine ileile, kama inawezekana kwa mpimaji yuleyule.

ASHA: Kuna yale maneno mawili, "simple" na "complex". Hilo la pili linawakosesha watu usingizi.

LEOKADIA: Hilo la kwanza maana yake ndani ni maji tu, ukuta ni mwembamba, hakuna kitu kigumu. Karibu wote wa aina hiyo si saratani. La pili maana yake ndani kuna zaidi ya maji. Basi, halijasema saratani. Mfuko wa yai uliovujia damu ndani unaonekana hivyo: nyuzi nyembamba zimepishana kama wavu wa dagaa, na huo huisha wenyewe kwa wiki 6 au 8. Kuna uvimbe wenye mafuta na nywele ndani, wakati mwingine hata jino, ambao kwa kawaida si saratani ingawa hauyeyuki na mara nyingi hutolewa. Kuna ule wa damu nzito ya kahawia, wa watu wenye utando wa ndani ya kizazi unaoota nje ya kizazi. Vinavyomfanya daktari akaze uso ni sehemu ngumu inayoota kwa ndani, kuta nene nyingi, au maji mengi tumboni. Hapo hataki kukusubirisha, anakupa rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, iwe hospitali ya Maweni hapa Kigoma, iwe Bugando kule Mwanza.

ASHA: Nani asikubali haraka hilo "rudi baada ya wiki sita"?

LEOKADIA: Mama aliyekoma hedhi. Kwake ovari haitengenezi tena vifuko vya kila mwezi, kwa hiyo ile hesabu ya kunywea haimhusu. Huyo hupimwa na damu, kipimo kinaitwa CA-125. Zaidi ya 35 kinahesabiwa kimepanda. Lakini kwa binti wa miaka 25 kipimo hichohicho kinaweza kumtia hofu bure, kwa sababu hupanda hata kwa hedhi, ujauzito, fibroidi, maambukizi ya nyonga, hata kifua kikuu cha tumbo. Kwa hiyo usikimbilie maabara ukajipime mwenyewe kwa sababu umesikia jina.

ASHA: Sasa dada, wanaouza dawa za kuyeyusha uvimbe. Pale Mwanga, hapahapa mjini, huwakosi. Na ukiwauliza majirani, kila mmoja ana shuhuda: fulani alikunywa miezi miwili, akarudi kupima, uvimbe hakuna.

LEOKADIA: Na ni kweli haukuwepo! Ungekuwa haupo hata angekunywa chai ya rangi. Yule anauza miezi miwili, na miezi miwili ni bure. Hata vidonge vya uzazi wa mpango haviharakishi uvimbe uliopo kunywea, vinapunguza tu vipya kuota. Kinachonikera zaidi ni kukandwa tumbo. Mtu akiumwa anaambiwa ni chango, anapakwa mawese, anakandwa kwa nguvu. Uvimbe wenye maji ukisukumwa hivyo unaweza kupasuka.

ASHA: Na mwingine anajikanda mwenyewe. Kila saa kidole tumboni, anatafuta kama upo.

LEOKADIA: Akibonyeza mara ishirini kwa siku, misuli ya tumbo inauma, kisha anasema uvimbe umeongezeka. Hofu nayo inakaza utumbo, gesi inajaa, tumbo linavimba jioni. Kwa hiyo achukue daftari, mara moja tu kwa siku, aandike: tarehe, upande, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, alikuwa anafanya nini, hedhi ipo au haipo. Halafu afunge. Daktari akilisoma daftari hilo dakika moja anapata kitu, kuliko "linauma uma tu".

ASHA: Upande wangu sasa, usiku. Wasiwasi haufukuzwi kwa kuambiwa "usiwaze". Upangie saa. Saa 11 jioni, dakika 20, kaa na lile daftari. Ukurasa wa kushoto andika kila unachoogopa, hata kile cha aibu: nitakosa mtoto, mume ataoa mwingine, ni saratani. Ukurasa wa kulia, mbele ya kila hofu, andika swali la kumuuliza daktari au kitu cha kufanya. Kisichokuwa na swali wala kazi, weka mstari tu. Hofu ikija saa 8 usiku, iambie ina saa yake jioni. Siku tatu nne za mwanzo haitatii. Endelea.

LEOKADIA: Na ukigaagaa dakika 20 bila usingizi, toka kitandani. Kaa pahali pengine, mwanga hafifu, simu mbali.

ASHA: Simu mbali kabisa, maana ukitafuta "uvimbe ovari" saa 8 usiku utaletewa wagonjwa wa hali mbaya tu, waliopona hawaandiki. Ukishakaa, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Ile ya kutoa iwe ndefu, ndiyo inayoshusha mapigo ya moyo. Dakika 5. Na chai ya rangi ya mwisho iwe mchana.

LEOKADIA: Na watu wa kuwaambia?

ASHA: Wawili wanatosha, na mmoja awe wa kukusindikiza siku ya majibu. Ukiwaambia kumi, kufikia Ijumaa mtaa mzima unasema kizazi chako kimeoza. Mume mwambie mwenyewe, kabla hajaletewa habari. Na lile la kukosa mtoto, dada, liweke sawa.

LEOKADIA: Mara nyingi uvimbe unaweza kutolewa peke yake, ovari ikabaki. Na hata ikitolewa ovari moja, iliyobaki inaendelea kutoa mayai, hedhi inaendelea, mimba inaingia. Hilo ni swali la kuandika ukurasa wa kulia: "Nikifanyiwa upasuaji, mtatoa uvimbe au ovari?"

ASHA: Kuna maumivu ya kwenda hospitali usiku huohuo.

LEOKADIA: Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, na kutapika. Hiyo inaweza kuwa ovari imejisokota kwenye shina lake, damu haifiki. Hutokea zaidi kwa uvimbe uliozidi sentimita 5. Inaweza kuuma, ikaachia, ikarudi, na mtu akadhani imeisha. Saa chache ndizo zinazookoa ovari, kwa hiyo usimeze dawa ukangoja kuche. Kizunguzungu au kuzimia, maana yake huenda kuna damu inavujia ndani. Homa pamoja na maumivu. Na kama hedhi imechelewa na tumbo linauma, kipimo cha mimba kwanza kabla ya chochote, maana mimba ya nje ya kizazi inajificha hapohapo. Anayekaa kule mwambao, Sigunga au Buhingu, apange tangu leo nani ana boti na atapatikanaje usiku.

ASHA: Maumivu madogo madogo?

LEOKADIA: Paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2, asizidishe mara 4 kwa saa 24. Kazi za kawaida aendelee nazo.

ASHA: Tumalizie na swali la msikilizaji: siku ya kurudi nijiandae vipi?

LEOKADIA: Aombe tarehe inayoangukia siku ya 5 hadi ya 10 tangu hedhi ianze. Akipigwa picha katikati ya mzunguko wa hedhi atakutwa na kifuko kipya cha mwezi huo, aanze kusubiri upya. Abebe karatasi ya zamani, si maelezo ya mdomo. Kipimo cha juu ya tumbo kinataka kibofu kimejaa: maji kama lita 1, saa moja kabla, asikojoe. Kile cha njia ya uke ni kinyume, kibofu kiwe kitupu. Aulize mapema atafanyiwa kipi.

ASHA: Na anayetoka mbali?

LEOKADIA: Alale mjini usiku mmoja kabla. Hiyo lita ainywe akishajua namba yake ya foleni. Ukiinywa ukiwa juu ya bodaboda, na barabara zetu hizi, hufiki nayo.