Tao la Stroud na Tarehe Isiyotufikia

Wazee wetu, mama zetu, na vijana mliotoka kazini moja kwa moja mkaja kutusikiliza, habari za jioni. Nawashukuru walioandaa mkutano huu wa Waswahili wa hapa London kwa kuniruhusu nizungumzie mawe.

Mawe yenyewe yako Stroud, mji mdogo wa Gloucestershire, magharibi ya Uingereza. Ni mji wa mabonde. Maji ya vijito vyake ndiyo yaliyoendesha viwanda vya nguo za sufu kwa karne nyingi, na kitambaa chekundu cha Stroud kilivaliwa na wanajeshi wa Kiingereza. Kampuni ya Mashariki ya India nayo ilikinunua ikakipeleka kukiuza Asia. Kwa hiyo hata zamani huu haukuwa mji uliojifungia milimani. Biashara ya dunia ilipita humo.

Ukitoka katikati ya mji ukapanda kuelekea Paganhill, utafika kwenye tao la mawe lililosimama kando ya barabara, karibu na nyumba za kawaida za watu. Hakuna kasri nyuma yake wala bustani. Magari yanapita, watoto wanakwenda shule, na wengi hawainui macho. Mgeni asiyeambiwa atadhani ni lango lililosahauliwa wakati wa kujenga nyumba, na hatakuwa amekosea sana, kwa sababu kweli lilikuwa lango. Lilijengwa mwaka 1834 na tajiri aliyeitwa Henry Wyatt, kwenye njia ya kuingilia shamba lake la Farmhill Park. Jumba lake lilibomolewa katika miaka ya 1930, ardhi ikajengwa nyumba, na tao likabaki peke yake. Lilichakaa mno hadi likafanyiwa ukarabati, kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha tena karibu na mwaka 2000. Shule ya sekondari iliyo jirani inaitwa Archway, jina lililotokana na tao hilo.

Simama chini yake uyasome maandishi yaliyochongwa juu. Yanasema kwamba lango hili limejengwa kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza, tarehe mosi Agosti, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi: MDCCCXXXIV. Ni miongoni mwa kumbukumbu za zamani kabisa za jambo hilo katika nchi hii. Wyatt hakungoja miaka hamsini ipite ndipo ajenge. Alijenga mwaka uleule sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kazi, tena mahali ambapo yeye na wageni wake wangelazimika kupita kila siku. Mimi namheshimu kwa hilo, na nasema bila kusita.

Lakini nimewaita hapa kwa sababu ya ile tarehe. Mtu akichonga tarehe kwenye jiwe anatuambia kwamba siku hiyo jambo limekwisha. Na siku ile halikuwa limekwisha.

Tuanze na walioguswa na sheria. Asubuhi ya Agosti 1, 1834, watoto wa chini ya miaka sita walikuwa huru, na visiwa vya Antigua na Bermuda viliamua kuwaachia watu wote mara moja. Kwingineko mtumwa wa jana alipewa jina la mwanagenzi, akatakiwa aendelee kumfanyia kazi bwana wake yuleyule, hadi saa 45 kwa wiki, bila mshahara. Mpango ulikuwa uende mpaka mwaka 1840 kwa watu wa mashambani. Ulipingwa vikali, na watu hao wenyewe walikuwa mbele katika kuupinga, hadi ukavunjwa Agosti 1, 1838. Fidia nayo ilitolewa: pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Zilikwenda kwa wenye watumwa. Watumwa hawakupewa hata senti. Serikali ilikopa ili ilipe, na deni hilo lilimalizwa mwaka 2015. Fikirini hilo, ninyi mliokuwa mkikatwa kodi katika nchi hii kabla ya mwaka huo. Wajukuu wa watu waliouzwa Kilwa na Bagamoyo wamechangia kuwalipa waliowamiliki watumwa.

Sasa nije nyumbani kwetu, maana hapa ndipo jiwe linaponigusa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa elfu moja kila mwaka. Walikuwa wa mashamba ya Ile de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi. Waingereza walikiteka kisiwa hicho mwaka 1810, nacho kikawa koloni lao, na watu wa Kilwa, Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, waliokuwa huko wakawa watumwa chini ya bendera ya Uingereza. Kwa hiyo kumbukumbu ya Stroud ilipaswa kuwahusu. Ila Bunge lilikuwa limeyawekea makoloni ya mbali tarehe zao. Rasi ya Tumaini Jema ilipangiwa Desemba 1, 1834, na Morisi Februari 1, 1835. Yaani Agosti ile jiwe likitangaza kwamba utumwa umekoma katika makoloni, mtu aliyezaliwa bara nyuma ya Kilwa alikuwa bado anakata miwa, mtumwa kisheria, kwa miezi sita zaidi. Baada ya hapo uanagenzi ulimshika mpaka mwaka 1839. Wenye mashamba wa Morisi walipata zaidi ya pauni milioni 2 katika ile fidia.

Na waliobaki pwani? Sheria ile haikuwagusa kabisa. Mwaka 1834 mashamba ya mikarafuu yalikuwa yanapanuka Unguja chini ya Seyyid Said, na kazi yenyewe ilifanywa na watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akatia saini mkataba. Hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Toka jiwe la Wyatt mpaka Tanganyika ni miaka 88. Wenzangu wa Mombasa, mnaposhuka Kengeleni mkaiona ile kengele ya Freretown, makazi ya waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875, mjue kwamba tao la Stroud lilikuwa limekwisha kutimiza miaka arobaini.

Kuna kitu kingine Stroud ambacho lazima nikitaje. Mjini, barabara ya Castle Street, iko saa iliyotengenezwa mwaka 1774 yenye sanamu ya mtoto mweusi aliyeshika rungu la kugongea kengele. Mwaka 1844, miaka kumi baada ya tao kujengwa, saa hiyo iliwekwa juu ya jengo la shule. Katika miaka ya karibuni imezua mjadala mkubwa, wengi wakitaka sanamu ihamishiwe makumbusho. Mjadala huo ni halali, nami naona sanamu ishushwe. Ila nasikitika kwamba saa inajulikana kuliko tao. Mji mmoja una jiwe la mtu aliyesherehekea uhuru na sanamu ya mtoto aliyegeuzwa pambo, na vyote viwili viko mwendo wa miguu. Anayefundisha historia hawezi kuomba darasa bora zaidi.

Kuna wanaosema tao limekwisha kukarabatiwa, sasa lina tatizo gani? Mimi naona mawe yakisafishwa bila maelezo kazi imebaki nusu. Nataka pale pawe na bango linalosimulia uanagenzi, fidia, na ile Februari ya Morisi. Huko Morisi Februari 1 ni sikukuu ya taifa, na mlima wa Le Morne, walikojificha watoro, uko katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Hao hawakuisahau tarehe yao. Sisi wa Kilwa, Unguja na Mombasa tunaoishi nchi hii tuna haki ya kuliandikia baraza la Stroud na kuomba watu wetu watajwe, na barua hiyo nimekwisha kuiandaa. Iko mezani pale mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Atakayekubaliana nayo aweke sahihi.

Na anayetaka kwenda mwenyewe, treni za Stroud zinaondokea kituo cha Paddington. Nendeni na watoto. Kutoka stesheni mpaka Paganhill wataweza kutembea, japo kuna mlima kidogo. Nawashukuru. Maswali sasa.